Mteja Wetu

Katika mikutano yetu sisi wakurugenzi wa idara za ajira za majimbo ya Marekani, kumwita mtu "asiye na kazi" ni mwiko. Tunasema "mteja". Neno hilo alituletea Dwayne Kowalczyk, na mwaka huu, hotelini Omaha, alikuwa akitusahihisha kama mwalimu wa zamu.

"Hawa wasio na kazi wa kwetu," nilianza kusema.

"Wateja, Lorna!" akanikatiza. "Ukimwita mteja, anajiona mtu."

"Mteja akichukizwa huenda duka la pili. Hawa waende wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Dwayne hakucheka.

Tulipokuwa tunamalizia chakula cha mchana, simu yake iliita. Alitoka nje, akarudi amenywea. Gavana mpya wa jimbo lake alikuwa ameteua mkurugenzi mwingine, naye Dwayne alitakiwa kukabidhi ofisi siku hiyohiyo. Alitueleza yote mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa.

Tuliobaki tukawa tunakoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa. Humo ndani tulijaa mabingwa wa kutafutia watu ajira. Mwishowe mwenyekiti wetu, Burt Hanley, ambaye kunyamaza hakujui, akampiga begani.

"Pole sana, kaka. Basi ndiyo umeshakuwa mteja wetu."

Dwayne alivua beji yake shingoni, akaiweka kando ya sahani.

"Mteja baba yako," alisema. "Mimi sina kazi."