Hotuba kwa Panya 1,286

Kila vuli kampuni ya dawa ilisimamisha maabara zake zote kwa saa moja ili kuwaomboleza panya. Lilikuwa jambo zito, wala hakuna aliyethubutu kucheka. Nyuma ya jengo la wanyama palisimama jiwe la granaiti, kimo chake kama cha mtu aliyechuchumaa. Mbele yake zilipangwa karoti, tufaha, na bakuli la kile chakula kikavu ambacho marehemu walilishwa maisha yao yote bila kuulizwa kama wanakipenda. Mtawa wa hekalu la jirani alisoma sala. Kisha kiongozi wa timu iliyotumia panya wengi zaidi mwaka huo alisoma hotuba. Ilihesabika kuwa heshima, ingawa ni heshima ya kufanana na kubeba jeneza: hujitolei, na ukiteuliwa hukatai.

Mwaka huu heshima ilimwangukia Nagatomo Teruaki, mkemia wa miaka hamsini na tisa, ambaye angestaafu mwezi Machi. Kwa miaka thelathini na mmoja, hapa hapa nje kidogo ya Osaka, alikuwa ametengeneza kampaundi zaidi ya elfu nne kwa mikono yake. Nyingine zilikataa kuyeyuka majini. Nyingine ziliyeyuka vizuri, zikaharibu ini. Moja ilinuka hadi watu wa ghorofa mbili wakahama. Hakuna hata moja iliyowahi kumezwa na binadamu, na mkemia wa dawa ambaye dawa yake haijamezwa na mtu ni kama mpishi aliyezeeka akionja mchuzi peke yake.

Ila sasa palikuwa na Namba 217, dawa ya figo. Ilikizuia kimeng'enya, kichocheo cha mwilini kinachochakaza figo, na panya wagonjwa waliopewa walipata nafuu. Ndogo, lakini ya kupimika. Ijumaa kamati ingekutana kuamua kama Namba 217 ianze kupewa watu, na kila mtu alijua jibu lingekuwa ndiyo. Ibada ya panya ilikuwa Alhamisi.

Jumatatu ulifika mzigo kutoka Toyama. Kiwanda cha huko kilikuwa kimepewa kazi ya kutengeneza Namba 217 kwa wingi, nacho kilituma gramu mia mbili za kuonyesha. Unga ulikuwa mweupe kama chumvi. Nagatomo aliuinua kwenye mwanga, akautazama tena. Wa kwake, kwa miaka sita, ulikuwa na rangi ya krimu, na aliipenda rangi hiyo kiasi cha kuwaambia wageni kwamba weupe tuwaachie mabibi harusi.

Akaupima. Unga mweupe haukufanya lolote. Kimeng'enya kiliendelea na kazi yake kana kwamba hakuna aliyebisha hodi.

Hatua ya mwisho ya kuitengeneza dawa hutumia zinki, ambayo baadaye huoshwa. Toyama waliiosha yote ikaisha. Nagatomo alikuwa akiosha mara mbili. Zamani alijaribu mara ya tatu, unga ukapungua nguvu, naye akaandika kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri, kwamba kuosha kupita kiasi kunaiharibu dawa. Sasa, Jumanne, alichukua chumvi ya zinki peke yake, chembe isiyoonekana kwa macho, akaitia kwenye kimeng'enya. Kikasimama kimya. Kumbe dawa ya miaka sita ilikuwa uchafu uliobaki ndani yake.

Jumatano alikwenda kwa mkurugenzi, Omodaka, ambaye alianza kazi kwa kumwoshea Nagatomo vyombo vya maabara, na wakiwa wawili tu bado alimwita kaka.

"Umemwambia nani mwingine?" Omodaka aliuliza.

"Wewe tu."

"Basi na mimi sijasikia. Kaka, panya walipata nafuu au hawakupata?"

"Kidogo. Lakini walipewa ule mchafu. Labda ni zinki, labda ni bahati. Sijui."

"Umeona? Hujui! Acha Ijumaa ipite, tutachunguza taratibu. Machi unaondoka hapa dawa yako ikiwa imefika kwa watu. Au unataka kuondoka na nini, saa ya ukutani?"

"Saa ya ukutani wanatoa kwa wastaafu wote."

"Ndiyo maana nakwambia. Na kesho usome hotuba vizuri. Panya hawana maswali."

Nagatomo alitikisa kichwa kukubali. Alikubali kabisa, tena akashukuru, na akafunga mlango polepole asimsumbue mtu.

Ofisini kwake alimkuta Tokuhisa Kanae akimsubiri. Huyu ndiye aliyewatunza panya, akawadunga sindano, na mwisho akawaua. Kazini kila mtu alimwita Mama Panya, na ilisemekana hata mumewe. Alimpa karatasi nyeupe iliyokunjwa mikunjo mikunjo kama upepeo.

"Hotuba hiyo. Ni ile ile ya kila mwaka, badilisha idadi tu. Mwaka juzi yule bwana wa dawa za ngozi alisahau, akasoma idadi ya zamani. Nilimnunia hadi mwaka mpya."

"Idadi yetu ni ngapi?"

"Elfu moja mia mbili themanini na sita."

"Una hakika?"

"Mzee Nagatomo, mimi nimewashika mmoja mmoja shingoni. Wewe umeshika chupa. Usiniulize hakika."

Ilikuwa kweli. Jengo la wanyama lilikuwa mita sitini kutoka mezani kwake, naye alikuwa hajawahi kuingia. Wakemia walipeleka chupa, na baada ya majuma kadhaa zikarudi tarakimu.

"Hivi, wanapata uchungu?" aliuliza.

Tokuhisa alimsogezea kikombe. "Umebakiza miezi minne kustaafu ndiyo unauliza leo? Kunywa chai yako, inapoa."

Alhamisi mawingu yalishuka mpaka kwenye mabomba ya paa. Majani ya mti wa mginko yalikuwa yamelowa na kunata kwenye viatu vya watu mia mbili. Mtawa alimaliza sala yake. Nagatomo akapiga hatua tatu, akainama mbele ya jiwe, akafungua karatasi, na nyuma yake watu wote wakainamisha vichwa, kwa kuwa hotuba husikilizwa hivyo, toka mwanzo hadi mwisho.

"Enyi roho za panya elfu moja mia mbili themanini na sita," alisoma. Sauti yake ilikuwa nzuri. "Mlitoa uhai wenu ili wanadamu wapone. Kifo chenu..."

Sentensi iliyofuata ilikuwa *hakikwenda bure*. Alikuwa ameisikia mara thelathini na moja. Aliitazama. Jana alikubali kuwadanganya watu kwa kunyamaza, na usingizi ulikuja vizuri tu. Lakini hili jiwe halikuwa na kamati, halikuwa na haraka ya Ijumaa, wala halikumwita kaka.

"Samahanini," alisema. "Kifo chenu kilikwenda bure."

Hakuna aliyeinua kichwa. Utaratibu haukusema kitu kuhusu hali kama hiyo.

"Unga mliopewa ulikuwa na zinki. Mimi sikuosha vizuri. Nimepima wiki hii: dawa ikiwa safi haifanyi kitu. Nilipaswa kujua zamani, maana niliona dalili nikaiandika vibaya daftarini. Ninyi hamkukosea popote. Mlikula mlichopewa." Akainama tena. "Ni hayo tu."

Akakunja karatasi, akaweka ua lake la krisanthemamu, akarudi mstarini. Mtu mmoja alikohoa. Shingo ya Omodaka, bado imeinama, ilikuwa nyekundu kama tufaha lililokuwa mbele ya jiwe. Kila mtu aliyefuata aliweka ua lake kwa zamu.

Ijumaa kamati ilikutana kwa dakika kumi na moja, ikaisimamisha Namba 217 hadi uchunguzi ufanywe. Omodaka alimpita koridoni, wakiwa wawili tu. "Bwana Nagatomo," alisema, akaendelea kutembea. Hakumwita kaka tena.

Jumatatu Tokuhisa alileta fomu ya kutiwa saini.

"Panya arobaini," alisema. "Ishirini wapewe unga mweupe, ishirini wapewe zinki tupu. Kamati haitaki maneno, inataka figo."

"Yaani ili kuthibitisha kwamba wale walikufa bure..."

"Wafe wengine. Ndiyo."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ilikuwepo. Ulipoosha mara ya tatu, ungejiuliza." Hakuwa amekasirika, alisema kama mtu anayetaja saa. "Saini hapo chini."

Akatia saini. Halafu akaomba kuingia. Tokuhisa alimvalisha koti, kofia, barakoa na viatu vya mpira, akamfungulia milango miwili. Ndani palikuwa na joto, na harufu ya nafaka. Masanduku ya plastiki yalipangwa ukutani, na kwenye moja, lenye kadi mpya yenye jina lake, panya watano weupe walikuwa wamelala wakiwa wamebebana.

Mmoja aliamka, akaja mbele, akanusa plastiki pale ilipogusa kidole cha Nagatomo.

"Waambie basi," alisema Tokuhisa nyuma yake. "Si wewe hodari wa hotuba?"

Nagatomo alifungua mdomo ndani ya barakoa. Panya alisubiri kidogo, kisha akarudi kwa wenzake, akajipenyeza katikati, akalala.