Mandhari Iliyomfuata Dona Ermelinda

Alasiri Dona Ermelinda Falcato alimenya maharage kwenye kibaraza cha umma cha Santa Pelágia akiwa na aproni na sapatu zake za ndani, kwa kuwa kutoka mlangoni kwake hadi pale palikuwa karibu kuliko watu wengine walivyo na safari ya kutoka kitandani hadi chooni. Aliketi mwisho wa ukuta mfupi, chini ya mjakaranda, bakuli mapajani. Mbele yake Lisbon yote ilikuwa imelala: mapaa mekundu yakiteremka bondeni, kuba la kanisa, ngome, feri za njano, na mto Tejo, mpana kiasi kwamba wageni waliuita bahari na hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha.

Kutazama hakukuwa na kiingilio. Marehemu mumewe, Custódio, fundi bomba, aliamini kwamba mtu anayelipa ili aangalie kitu ana kasoro ya macho. Kwa hiyo ndoa yao ilikuwa ndoa ya matembezi ya bure: bendi ya wazima moto bustanini, makumbusho asubuhi zile ambazo mlango huachwa wazi, meli kubwa zikitia nanga, mazishi ya watu maarufu. Hayo yalikuwa ya kwenda na kurudi. Kibaraza kilikuwa cha kila siku. Custódio alipofariki, Ermelinda aliendelea kwenda peke yake, na kama upo uaminifu kati ya mtu na mandhari, basi wao walikuwa nao. Hakuna hata mmoja aliyekosa siku.

Kisha jengo lao likanunuliwa na kampuni ambayo wenyewe hakuna aliyewahi kuwaona. Vyumba vikatakiwa kwa ajili ya wageni wa siku mbili tatu. Mkataba wa Ermelinda, ulioanza alipoingia pale akiwa bibi harusi, haukuendelezwa. Alitafutiwa mahali kaskazini kabisa, mwisho wa njia ya basi, ghorofa ya tano katika jengo refu lenye lifti mbovu. Dirisha la jikoni lilitazamana na ghala la matairi.

Siku ya kuhama alipita kibarazani akiwa amevaa viatu. Hakutoa machozi. Aliitazama mandhari, akaitikisia kichwa kama mtu anavyoagana na jirani wa ngazini, akapanda gari la wachukuzi na kukaa mbele, picha ya Custódio magotini.

Asubuhi iliyofuata alipofungua dirisha la jikoni ili amwage maji ya kusuuza kikombe, alikuta mto umefika. Ulikuwa umejitandaza pale ghala lilipokuwa, umechafuka kidogo kwa vumbi la safari. Kabla ya chakula cha mchana mapaa nayo yakawasili, kisha kuba, kisha ngome. Feri zilikuja mwisho, zikipiga honi kwa ukali, kama abiria walioshushwa kituo kisicho chao.

Kwenye dirisha la pembeni alikuwepo Zulmira, mama mnene aliyezaliwa Cabo Verde na kuzeekea Lisbon akisafisha hoteli. Alikuwa ananing'iniza shuka.

"Jirani," alisema, kibanio cha nguo mdomoni. "Huu mto ni wako?"

"Nimeukuta hapa asubuhi."

"Jana haukuwepo."

"Jana na mimi sikuwepo."

Zulmira alilitafakari hilo, akaliona halina kasoro. "Haya, karibuni. Ila uambie upunguze upepo. Shuka zangu zinataka kwenda Brazili."

Simu ililia jioni. Alikuwa Bwana Baltazar, dereva wa tramu mstaafu aliyecheza naye karata kibarazani kwa miaka mingi, na ambaye hakuwahi kumsamehe mwenzake yeyote aliyetupa karata kubwa mapema.

"Ermelinda, rudisha mandhari."

"Nani kakwambia ninayo?"

"Sasa anayo nani? Huku kumebaki weupe mtupu, kama mtu kaanika shuka kutoka mbinguni."

"Mimi nilichukua jiko, kitanda na picha ya Custódio. Kawaulize wachukuzi."

"Chungulia dirishani. Feri unaiona?"

Ermelinda akachungulia. "Naiona."

"Mwizi mkubwa wewe!" alisema Baltazar, kisha akamwuliza kama huko alikohamia samaki wanapatikana.

Ilikuwa kweli. Ng'ambo ya ukuta wa Santa Pelágia kulikuwa na weupe usio na chini wala juu. Wageni waliendelea kuja kwa kuwa vitabu vyao viliwaambia waje. Walisimama mbele ya weupe, wakajipiga picha, wakaandika kwenye simu zao kwamba mahali pana utulivu lakini vyoo ni vichache. Kwa kukosa kingine cha kutazama wakaanza kuwapiga picha wazee wa karata. Baltazar, ambaye maisha yake yote alipigwa picha za kitambulisho tu, akaanza kuvaa tai, na mchezo wake ukaharibika.

Idara iliyohusika na vivutio vya bure ilitundika kwanza turubai kubwa lililochapishwa picha ya mandhari. Upepo ukalichana, nusu ya ngome ikaangukia kibanda cha kahawa. Ndipo idara ikamtuma Daktari Leonor Quintela, aliyekuwa daktari kama anavyokuwa daktari mtu yeyote wa Lisbon mwenye shahada na dawati. Alipanda ghorofa zote tano kwa miguu, akaketi jikoni kwa Ermelinda akihema, akasogeza pazia na kuhakiki kwa kidole: kuba, ngome, mapaa, feri.

"Imetimia," alisema.

"Hata kigae hakijapungua," alisema Ermelinda. "Kunywa maji kwanza, mwanangu. Umekuwa mwekundu."

"Dona Ermelinda, mandhari ni mali ya umma."

"Ndiyo. Na mimi ni umma."

Daktari Leonor alikunywa maji. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba kuna watu wanatoka mbali kuja kutazama, na wanatazama hewa.

"Nirudishieni nyumba yangu," alisema Ermelinda. "Sitahitaji hata kuifunga kamba. Itarudi yenyewe nyuma yangu, kama ilivyokuja."

"Masuala ya nyumba ni ya idara nyingine."

"Nilishakwenda huko. Waliniambia wao hawana mamlaka juu ya mandhari."

"Ndiyo, hiyo ni yetu."

"Basi nyie wawili mkae chini mzungumze."

"Tuko majengo tofauti," alisema Daktari Leonor kwa huzuni.

Zulmira, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi na kusahau kuondoka, aliingilia kati. "Usikubali, jirani. Wakikunyang'anya huo mto, kesho watataka na jua. Mimi sasa hivi nguo zangu zinakauka vizuri."

Na Ermelinda asingekubali kamwe. Alikuwa ameshajiandaa kukataa mpaka kiama, na alifurahia jambo hilo, kwa kuwa tangu ahamishwe hakuwa na kitu chochote mkononi ambacho mtu mwingine alikitaka. Kilichomshinda ni Aurora.

Aurora alikuwa mke wa Baltazar. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi siku nyingi, na kitanda chake kiliwekwa dirishani, juu kidogo ya kibaraza, katika jengo la mwisho mtaani ambalo lilikuwa bado halijanunuliwa. Alipanga maisha yake kwa kufuata feri: dawa kwa feri hii, supu kwa ile. Siku moja alimpigia simu mwenyewe.

"Sikuombi kitu, Ermelinda," alisema. "Nataka tu kujua feri imepita. Huyu mzee ananidanganya ili nile."

Ermelinda alitazama nje. "Imepita sasa hivi."

"Ilikuwa na watu?"

"Wengi. Mmoja kashika baiskeli."

Upande wa pili kijiko kikagonga bakuli. Mwenzake alipokata, Ermelinda alimpigia Daktari Leonor aje tena.

Makubaliano yalifanyika palepale jikoni. Mchana mandhari ingekuwa Santa Pelágia, jioni ingerudi kulala kaskazini. Ermelinda alidai mshahara. Daktari Leonor akamweleza, akikwepa macho yake, kwamba kivutio ni cha bure, kwa hiyo hakina bajeti. Alipewa kadi ya basi na kizibao cha rangi ya machungwa kilichoandikwa mgongoni MHUDUMU WA MANDHARI (KUJITOLEA). Zulmira alikikunja kizibao kile, akakitumia kushikia sufuria.

Tangu hapo Ermelinda alipanda basi kila asubuhi na bakuli lake la maharage, na nyuma ya basi jiji likamfuata. Kwenye madirisha ya kushoto abiria waliona mto mahali walipozoea kuona maduka ya vitanda. Dereva alilalamika mara moja tu, kwamba ngome inamziba kioo cha nyuma. Ermelinda alihamia kiti cha upande wa pili, na ngome nayo ikahama.

Pale kibarazani weupe uliondoka pole pole, kama mvuke kwenye kioo. Wageni walipiga makofi. Dirishani juu Aurora alipaza sauti yake nyembamba:

"Feri imechelewa!"

"Foleni, Aurora!" alijibu Ermelinda. "Tulikwama kwenye mzunguko!"

Kitabu cha vivutio kikarekebishwa. Penye Santa Pelágia kiliandika: bure, hufunguliwa basi likifika, Jumatatu hapana. Jumatatu Ermelinda alikwenda kupimwa presha, na wagonjwa wenzake walikuwa wakigombania viti vya karibu na dirisha.

Nyumba yake ya zamani ilikuwa hatua chache nyuma yake, imepakwa rangi ya limau, mlango una kufuli la kubonyeza namba. Mchana mmoja binti wa kigeni, nywele zimelowa, alichungulia nje kutoka dirisha lililokuwa la jikoni kwa Ermelinda, akamwuliza kwa Kireno cha kuokoteza, akisaidiwa na mikono:

"Bibi, wewe ni wa hapa?"

Ermelinda alimenya harage moja, akamenya lingine.

"Nakuja kwa basi," alisema.

"Mandhari nzuri sana. Una bahati!"

"Bomba la hapo kwenye sinki huvuja ukilikaza," alimwambia. "Liache legelege. Mume wangu alilifunga hivyo makusudi."

Jua lilipoanza kushuka alifunika bakuli lake. Wageni walinung'unika, kwani walikuwa wamepanga miguu yao ya kamera tayari kwa machweo. Mmoja alimwomba asogee kidogo kulia ili asitokee kwenye picha. Akasogea. Mto ukasogea naye. Akaona amefanya wema wa kutosha kwa siku moja, akaelekea kituoni.

Machweo yalikuwa ya kaskazini. Watu wa jengo refu walishusha viti kwenye uwanja wa magari, kila mtu na chake: cha jikoni, cha plastiki, hata cha gari lililokwisha kufa. Mtu alichoma dagaa wakubwa kwenye ngoma ya mashine ya kufulia. Wengi wao waliosha vyombo mjini, au walibeba zege, au walilinda milango ya majengo ambayo ndani yake hawakuwahi kuingia. Zulmira, aliyefuta vioo vya hoteli zenye mto huo huo kwa nyuma, alisema hii ni mara yake ya kwanza kuuona akiwa amekaa.

"Ni mdogo kuliko nilivyodhani," alisema.

"Umechoka na safari," alisema Ermelinda. "Subiri unyooshe miguu."

Walikuwa wamekaa hivyo, jua likiwa jekundu juu ya kuba na mafuta ya samaki yakilia kwenye makaa, pale kijana mmoja mwenye suti nyembamba alipoingia uwanjani na kifaa cha kupimia. Alisalimia kila mtu vizuri. Akaelekeza taa nyekundu ya kifaa chake kwenye ukuta wa jengo, dirisha hadi dirisha, akitamka mambo kwenye simu yake. Kisha akageuka, akautazama mto, na midomo yake ikafunguka kidogo, si kwa mshangao, bali kwa jinsi mtu anavyofungua mdomo mbele ya sahani iliyojaa.

"Vyumba vyote vinauona?" aliuliza.

"Vya upande huu," alisema Zulmira. "Wewe ni nani?"

"Natoka kwa wenye jengo. Wenye jengo wapya." Alitabasamu. "Msinyanyuke, tafadhali. Endeleeni kula."

Zulmira aliweka samaki wake chini.  Kijana akapima mlango, akapima ngazi, akauliza kama lifti ina ubovu wa siku nyingi, akaahidi kwamba hiyo itatengenezwa mapema kabisa.

Ng'ambo, pale lilipokuwa ghala la matairi, feri ziliacha kupiga honi. Moja baada ya nyingine zilianza kusogea gatini, na mapaa ya mbali yakaanza kujikunja, safu juu ya safu, kama nguo zinazopangwa sandukuni.

Ermelinda aliyaona hayo, akajifuta vidole kwenye aproni.

"Tulia wewe," aliiambia mandhari. "Hatujapewa tarehe bado."