Jiwe Chini ya Mlango wa Gereji

Mlango wa gereji ya Mzee Khalfani, pale Ujiji, ulikataa kufunga, na katika nyumba nzima aliyejua sababu ni mkewe, Bi Asia, peke yake. Alikuwa jikoni, mwiko mkononi, ugali unaungua, na masikio yake yote yako nje kwa fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa Oswald wa Katubuka, mtu wa maneno jamani, hawezi kugonga msumari bila kukupa habari za mji mzima. Alianza na bawaba. Akazitia grisi, akausukuma mlango, mlango ukaenda vizuri, ukakaribia kufunga, ukagoma. Akasema bawaba zimelegea, akazikaza. Ukagoma palepale. Bi Asia akatoka, akasema kwa sauti ya mtu asiye na shida kwamba hii ni masika, mbao za mninga zimevimba, ziachwe tu mpaka kiangazi zitajirudi zenyewe. Mume wake akamjibu kuwa wezi hawangoji kiangazi.

Na kweli alikuwa na haki. Pikapu yake, ile inayobeba dagaa kutoka Kibirizi na kuwapa chakula, ilikuwa ikilala barabarani tangu watu wa ng'ambo ya ziwa walipokimbia vita na yeye akawaachia gereji wakae. Sasa malori yalikwisha kuwachukua kwenda kambini, gereji imefagiliwa, gari linatakiwa lirudi ndani. Maana yake magurudumu yapite pale mlangoni kila asubuhi na kila jioni. Hilo ndilo lililokuwa likimkata maini Bi Asia, kwa sababu pale mlangoni, chini ya udongo, alikuwa amelala mtoto wa Feza.

Feza alivuka ziwa na mimba kubwa na mabinti wawili, mume hajulikani alipo. Alijifungulia mle gerejini siku ya Ijumaa, mvua inapiga bati, Mzee Khalfani yuko msikitini. Mtoto hakulia. Bi Asia alimsugua mgongo, akampulizia, akambembeleza, wapi. Feza akasema kwao mtoto wa namna hiyo hazikwi mbali, huzikwa mlangoni pa mama yake asije akapata baridi peke yake. Lakini mlango haukuwa wake, na hapo ndipo woga ulipomshika. Alimwangukia Bi Asia miguuni asimwambie mwenye nyumba, maana atakasirika akisikia kaburi limechimbwa njia ya gari lake, atawatoa wote nje kwenye mvua. Bi Asia akakubali. Akaongeza na ahadi ambayo hakuombwa, kwamba gurudumu halitapita pale.

Wakachimba wao wawili kwa jembe lililolegea mpini. Wakashindilia udongo kwa mchi, na kwa kuogopa mbwa wakalaza juu jiwe pana la ziwani, wakalifunika. Mlango hawakuufikiria. Nani angefikiria mlango saa ile? Tangu wageni waingie ulikuwa wazi mchana na usiku, pametundikwa turubai tu.

Sasa Oswald alipiga magoti, akachungulia chini ya ubao, akacheka. Akasema wamekuwa wakiuonea mlango bure, mbovu ni ardhi: kuna jiwe limeinuka hapa, aletewe mtaimbo aling'oe mara moja aende zake. Mzee Khalfani akamletea.

Bi Asia hakujua miguu yake ilivyofika. Alijikuta amekaa chini kwenye udongo, mikono yake yote miwili juu ya lile jiwe, ncha ya mtaimbo imesimama karibu na vidole. Mumewe akamuuliza kama amepatwa na wazimu.

"Kuna mtoto hapa, Khalfani," alisema.

Kisha akamweleza yote, kuanzia mvua mpaka ahadi. Oswald alirudi nyuma hatua moja. Alilaza mtaimbo taratibu, akavua kofia.

Bi Asia alisubiri hasira. Aliijua hasira ya mume wake, na safari hii aliona anaistahili. Haikuja. Mzee Khalfani aliuliza kama mtoto alikuwa wa kiume au wa kike. Akaambiwa wa kiume. Akauliza kama mama yake aliwahi kumpa jina.

"Alimpa lako," Bi Asia alisema. "Alisema wewe ndiye uliyewapa pa kulala."

Mzee yule hakujaliwa mtoto. Wadogo zake waliwapa watoto wao majina ya babu, ya mashehe, ya marafiki, la kwake hakuna aliyelikumbuka, naye hakuwahi kulalamika. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo. Akamwambia Oswald akusanye vyombo vyake, gari litalala nje. Oswald akaondoka bila kuaga.

"Ungetuma mtu aniite," Mzee Khalfani alimwambia mkewe. "Msikiti wenyewe si huo hapo?"

"Hakulia, mume wangu. Asiyelia hata swala ya maiti hana."

"Hata kama hana. Ningekuja nikae naye."

Bi Asia alivuta khanga usoni akalia kwa sauti. Mume wake aliendelea kupapasa udongo, wala hakumwambia anyamaze.