Jiwe la Kuuweza Mkono wa Roswitha

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Mzee Alwin alikunja kitambaa cha meza, akafuta makombo ya mkate, akatandika karatasi nyeupe chini ya dirisha la jikoni. Juu ya karatasi akamwaga vijiwe vya buluu kutoka kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Alikuwa mkata vito, kama baba yake na kama nusu ya wanaume wa Oberstein, na dirisha lake lilitazama kaskazini, maana mwanga wa kaskazini haulisifii jiwe wala haulisingizii.

Upande wa pili wa meza walikaa wachumba wawili. Egon, dereva wa basi linalopanda kwenda Idar, alikuwa na kofia ya kazi magotini. Roswitha alikuwa ameficha mikono chini ya meza, kama mtu aliyekuja ugenini na mbwa asiyezoea watu.

"Tunataka la buluu," Egon alisema. "Kwetu bi harusi havai rangi nyingine. Mama hataki kusikia."

"Na liwe la kudumu," Roswitha akasema.

"Na la bei ya dereva wa basi."

Mzee Alwin akacheka puani. "Buluu, la kudumu, na rahisi. Wewe kijana ni kama anayetaka mke mzuri, anayejua kupika, na asiye na mama."

"Wangu hana mama. Mama ninaye mimi."

"Basi pole nampa binti."

Habari ya kudumu haikuwa ya mzaha. Katika bonde lile pete ya uchumba haivuliwi kidoleni mpaka siku ya harusi, na jiwe lake likipoteza mng'aro kabla ya siku hiyo, uchumba umekwisha. Hakuna anayegombana. Pete hurudishwa ndani ya kiboksi chake, na watu huendelea kusalimiana dukani. Roswitha alikuwa amesharudisha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Gernot seremala, akiki iliyotiwa rangi ya buluu, nayo ilififia kabla ya Pasaka. Ya pili ilikuwa ya Volkmar, jiwe la rangi ya maji ya bahari, ambalo bibi yake alilivaa maisha yake yote bila kupata mkwaruzo. Kwenye kidole cha Roswitha liligeuka kama kioo cha dirisha la bafu kabla mwezi haujaisha. Mwanamke akirudisha pete ya tatu, haposwi tena. Na safari hii Roswitha alikuwa anampenda mwanamume mwenyewe, jambo ambalo kwa wale wawili hakuwa amelitafakari sana.

"Bado uko chumba cha kuoshea?" Mzee Alwin aliuliza.

"Bado."

Chumba hicho kilikuwa chini ya kiwanda cha kukatia akiki, penye sakafu ya saruji na mabeseni marefu. Mawe yalishuka kutoka kwenye misumeno yakiwa na mafuta na matope, na wanawake waliyasugua kwa mchanga na maji ya mfereji, kiangazi na baridi. Glavu zilitolewa kwa kazi nzito. Kuosha, kwa mpango wa kiwanda, ilikuwa kazi nyepesi, na kazi nyepesi ilikuwa na mshahara wake.

"Lete mkono."

Roswitha akautoa chini ya meza. Ulikuwa mkono tu, wa joto, wenye kucha fupi na wekundu kidogo kwenye viungo. Ungeweza kumenya yai lililochemshwa bila kuliachia alama. Mzee Alwin alikishika kidole gumba kama anavyoshika jiwe, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akaleta vibao vyake vya kupimia.

Watu wa mawe hupima ugumu kwa ngazi kumi. Ya kwanza ni jiwe laini linalosagwa kuwa poda ya watoto, ya kumi ni almasi. Mzee Alwin alikipitisha kidole gumba juu ya kibao cha saba, kikaacha mstari mweupe. Akakipitisha juu ya kibao cha nane, cha topazi, kikalia kama chaki ubaoni. Akaufuta unga, akatazama kwa lenzi. Unga ulikuwa wa topazi. Ngozi haikutoka hata chembe. Kwenye kibao cha tisa, cha yakuti, kidole kiliteleza kama kiatu kwenye barafu.

"Nane na nusu," akasema, akaenda kuangalia kahawa.

"Ni vibaya?" Egon aliuliza.

"Vibaya vipi? Mwashi mmoja wa Fischbach nilimpima nane kamili, akatamba mpaka kufa kwake. Nane na nusu sijaishika kabla ya leo. Huo ni mkono, kijana. Uuangalie."

"Naujua. Hili shavu la kulia huwa sinyoi ndevu. Akinipapasa tu, limetakata."

Roswitha akamkanyaga mguu.

Mzee Alwin akarudi na kahawa, akaanza kuondoa mawe karatasini kwa ncha ya kisu. Akaondoa akiki. Akaondoa lile la maji ya bahari. Akaondoa topazi. Spineli, nayo ya ngazi ya nane tu, aliishika kwanza, akaisikitikia, kwa kuwa ilikuwa na buluu ya jioni ya masika na bei ya kistaarabu, kisha akairudisha kikombeni. Ikabaki yakuti moja ya Seiloni, imetulia kama jicho la mtoto aliyeshiba.

Egon aliambiwa bei yake. Akavaa kofia.

"Hiyo ni basi lenyewe," alisema.

"Na kituo chake," Mzee Alwin akakubali. "Kuna ya tanuri. Ngumu vilevile, buluu kushinda hii, bei ya viatu."

"Mama ana lenzi."

Hilo halikuhitaji maelezo. Wanawake wote wa mji ule walitembea na lenzi kwenye mfuko wa aproni, na jiwe lililopikwa tanurini lina mistari iliyopinda ndani yake, wazi kama chapa ya mkate.

Hapo Mzee Alwin akafungua droo ya vijiko, akatoa kiberiti. Ndani hamkuwa na njiti. Kulikuwa na kokoto nyeusi, kama mbegu za mpapai.

"Yakuti za Australia. Ngazi ya tisa, hazina hila. Wenye pesa hawazitaki, wanasema ni wino. Chagueni. Mimi nakunywa kahawa."

Egon alitazama moja na kuziona zote. Roswitha hakuwa mtu wa kutazama hivyo. Alisogeza kiti dirishani, akazichukua moja moja kwa ncha za vidole, akaziinua kwenye mwanga, kwanza kwa uso, kisha kwa ubavu, kisha kwa kichwa. Kahawa yake ilipoa. Egon alilala kidogo, akaamka. Ndipo Roswitha akatua moja kwenye karatasi. Haikuwa kubwa kuliko nyingine. Kwa juu ilikuwa nyeusi tii. Kwa ubavu ilikuwa na buluu ya moto wa jiko la gesi, na pembeni uzi mdogo wa kijani.

"Hili. Limejificha tu."

Mzee Alwin alitia lenzi jichoni, akaligeuza ubavu kwa ubavu. "Nitalikata jembamba," akasema hatimaye. "Lenye rangi nzito ukilikata nene linakunywa mwanga wote, halirudishi kitu. Likiwa jembamba, mwanga unaingia, unasalimia, unatoka. Na nitalilaza chini, lizungukwe na dhahabu, lisisimame kama mnara."

"Na dhahabu itauweza huo mkono?" Egon aliuliza.

"Dhahabu itaisha kidogo kidogo, kama kwa watu wote. Nitaiongeza unene upande wa kiganja."

Egon alilipa, na pesa ya nyama ya harusi bado ilibaki kwenye akiba.

Jioni za juma lililofuata Roswitha alipita kwa Mzee Alwin akitoka kazini, akasimama nyuma yake. Jiwe lilikuwa limebandikwa kwa nta kwenye ncha ya kijiti, na mzee alilibonyeza juu ya sahani ya shaba iliyopakwa unga wa almasi, akisikiliza zaidi ya kutazama. Kila alipolinyanyua lilikuwa na uso mwingine, na kila uso ulitoa weusi kidogo na kuacha buluu mahali pake. Siku ya mwisho alilifuta kwa shati lake. Jiwe lilikuwa dogo kuliko punje ya dengu, na ndani yake palikuwa na nafasi kubwa kuliko jikoni.

Roswitha alivaa pete mwezi Juni, akaenda nayo kazini.

Kila Jumapili baada ya ibada, mama yake Egon, Adelheid, alimwekea keki ya plamu kwenye sahani, kisha akaushika mkono wa kushoto na kutoa lenzi.

"Bado," alisema Jumapili ya kwanza, kwa sauti ya mtu aliyefika stendi mapema mno.

"Bado," alisema Julai.

Agosti alimwita jirani aje aone. "Tazama kingo zake. Kali kama zimekatwa jana. Na mkwe wangu anasugua mawe kutwa nzima, nane na nusu huyo. Mkono wako una ngapi?"

"Mimi nafanya kazi posta," jirani akasema.

"Pole."

Septemba habari zilimfikia mkurugenzi wa kiwanda, akashuka mwenyewe chumba cha kuoshea, ambako hakuwa akishuka. Alileta vibao vyake, vya fremu ya shaba. Akapima kidole gumba cha Roswitha, akapima cha shahada, akapima kiganja. Alikuwa mtu wa mawe na alijua anachokiona. Akavua miwani.

"Nzuri sana," alisema. "Kweli, nzuri sana. Imekuwaje?"

"Ni mchanga na maji, bwana mkurugenzi. Na miaka."

Agnes, aliyekuwa beseni la pili na hakuwahi kuogopa mtu, akauliza bila kuinua kichwa. "Sasa si inaonekana kazi ni nzito? Tupandishwe daraja, au angalau tupewe glavu."

Mkurugenzi alilifikiria swali kwa heshima. "Hapana, mama. Kuosha ni kazi nyepesi. Kinachohusika hapa ni mkono wake, na mkono ni mali ya mtu binafsi. Hongera."

Akapanda ngazi. Wanawake wakafungulia maji.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, kwenye kanisa lililochimbwa mwambani juu ya mji. Mama Adelheid alitazama kwa lenzi mara ya mwisho mlangoni, akaifunga, akaitia mkobani. "Ingieni," alisema. Mbele ya mchungaji pete ikahamishwa kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, unaofanya kazi zaidi. Mwanga wa madirisha ya rangi ukaingia kwenye jiwe, ukasalimia, ukatoka. Egon alikuwa amenyoa mashavu yote mawili kwa wembe, akajikata moja.

Chini, uani, nyama yenye vitunguu ilibembea kwenye wavu juu ya moto wa kuni za mwaloni, na mezani palikuwa na saladi ya figili. Mkurugenzi alifika na shada la maua, akakaribishwa vizuri. Alisimama karibu na meza ya keki, na wanawake wa chumba cha kuoshea wakapita mbele yake kwa mstari, wamevaa gauni zao za Jumapili, kila mmoja akimpa mkono wa kulia na kumshukuru kwa kuja. Hawakubana. Waliutikisa mkono wake kama watu wanavyotikisa.

Mkurugenzi alikuwa na pete ya ukoo kwenye kidole cha mkono huo, akiki ya tabaka mbili, buluu juu ya nyeupe, iliyochongwa simba na mnara. Kufikia Agnes, mnara ulikuwa umekwenda. Kufikia Hedi mdogo, aliyeanza kazi mwaka jana tu, simba alikuwa kivuli. Bi harusi alishika mkono wa mwisho, naye alikuwa mpole kuliko wote, na alipouachia jiwe lilikuwa bapa, safi, limelainika kama sahani.

Mkurugenzi alilitazama. Akalipitishia kidole.

"Mng'aro wa hali ya juu," akasema kwa haki, akaitia pete kwenye mfuko wa kizibao, akaomba nyama nyingine.

Jumatatu pete ilishushwa chumba cha kuoshea kwenye sinia ya bati, ioshwe kabla ya kupelekwa kwa mchongaji achonge simba upya. Ilimwangukia Roswitha. Alifungulia maji, yakapita juu ya yakuti yake na kuondoka yamebeba mwanga wa buluu kidogo. Akaiosha pete ya mkurugenzi kwa kidole cha mwisho, ambacho kilikuwa saba tu, taratibu, asiipunguze zaidi. Ilimchukua asubuhi nzima, na ikalipwa kama kazi nyepesi.