Kiambatisho cha Tatu

Mkataba wa maji ya kijiji cha Chishaza, Kongo, ulikuwa na kurasa arobaini na moja, na Rolande aliuchapa wote peke yake, kwenye meza ya jikoni, ghorofa ya nne, Berchem-Sainte-Agathe. Chama cha watu wa Chishaza wanaoishi Ubelgiji hakina ofisi. Kina mwenyekiti mwenye sauti kubwa, tonton Rigobert, na kina katibu, ambaye ni Rolande. Kwa desturi ya vyama vyetu, katibu hufanya kazi na mwenyekiti hupigiwa makofi. Lakini safari hii kazi yenyewe ilikuwa ya maana: maji ya chemchemi iliyo juu ya kijiji yangekingwa, yaingie kwenye tangi, kisha yateremke kwa mabomba hadi shuleni na zahanati.

Kiambatisho cha tatu kilikuwa jedwali tupu la ukurasa mmoja. Juu yake paliandikwa: vizuizi vinavyojulikana na mwenye kazi, yaani mashamba, mabomba ya zamani, makaburi. Kifungu cha kumi na mbili kilieleza jambo hilo bila kuzunguka. Mwenye kazi, ndiyo kusema chama, atataja kila anachokijua kilichomo ardhini patakapochimbwa. Siku kumi na nne zikipita baada ya sahihi, chochote kitakachokutwa bila kutajwa, mkandarasi atakiondoa kwa namna aonayo inafaa.

Vyama vingi huandika hapo neno moja tu la Kifaransa, néant, hakuna kitu, kwa sababu walinakili mkataba wa chama kingine kilichokuwa kimeandika néant. Rolande naye aliandika néant. Wala hakuhitaji kunakili kwa mtu. Anashughulika na faili za wagonjwa katika hospitali moja huko Jette, na neno hilo huliandika kutwa nzima. Mzio: néant. Upasuaji wa zamani: néant. Ila siku ile alijua anachokiandika. Hatua sita chini ya chemchemi, chini ya mawe matatu, alikuwa amelala mdogo wake Bienaimé, na aliyejua hilo duniani kote alikuwa yeye tu.

Mambo ya glasi yalianza wiki hiyo hiyo. Ukimimina maji, ukayaacha mezani, ukaenda kumfungulia mtu mlango, ukirudi unakuta yamebaki nusu. Rolande alimgombeza binti yake Ornella, mtoto wa miaka kumi na moja, anywe maji yake na kuacha ya wenzake. Ornella akaapa kwamba si yeye, machozi yakamlengalenga, na Rolande akajua mtoto hasemi uongo. Jumamosi mchana, Ornella akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Rolande alijaza glasi, akaiwekea alama kwa rangi ya mdomo, akaenda kusimama ukumbini akiwa ameuegemea mlango wa nje uliofungwa. Alihesabu hadi mia tatu. Aliporudi, alama ilikuwepo na glasi ilikuwa kavu hadi chini. Mimi sisemi nani alikunywa. Nasema ilikuwa kavu, na Rolande aliogopa mpaka akakaa sakafuni.

Maana Bienaimé alikufa akiomba maji. Ilikuwa mwaka wa vita, elfu moja mia tisa tisini na sita, watu wamekimbia kila mmoja kivyake, na mama yao alipotezana nao njiani. Rolande, naye akiwa na miaka kumi na moja, alimbeba mgongoni yule wa miaka mitatu hadi kwenye vichaka vilivyo juu ya chemchemi. Pale chini askari walikuwa wamepiga kambi wakiteka maji. Siku mbili nzima aliyaona maji yakimeta na hakuthubutu kushuka. Mtoto, homa ikimchoma, alirudia neno moja: mayi, mayi. Askari walipoondoka, Rolande alishuka mbio na kikombe cha plastiki cha kijani. Aliporudi, mtoto alikuwa kimya. Alimteremsha mgongoni hadi chini ya chemchemi, akamfukia kwa mikono yake, akapanga mawe matatu juu.

Wiki mbili baadaye mama alipompata, alimkuta akiwa peke yake. Mtoto wa miaka kumi na moja, mbele ya uso ule wa mama yake, angesema nini? Alisema watu wa misaada, wenye gari jeupe, walimchukua Bienaimé, wakaahidi kumtunza. Uongo wa dakika moja, na miaka ikapita juu yake hadi pakawa hapana pa kuurudishia.

Mama huyo, maman Sidonie, sasa anaishi Jette katika chumba kimoja chenye picha nyingi. Kila Agosti, siku aliyozaliwa Bienaimé, huombesha misa, na si misa ya marehemu, ni ya shukrani. Kila Jumapili hupanda tramu namba 19 kuja kwa Rolande, na humo ndani huwatazama masikio vijana wote weusi. Jogoo alimdonoa Bienaimé sikio la kushoto akingali anatambaa, akamwachia pengo. Watu wamemzoea maman Sidonie. Wanadhani ni uzee tu.

Siku ya kumi na tatu baada ya sahihi, Alhamisi, mkandarasi alipiga simu kutoka Bukavu. Alikuwa enjinia Kabeya, mtu wa taratibu.

"Madame la secrétaire, bonjour. Jumatatu tunaingiza mashine kwa source ya mayi. Annexe trois mumeandika néant. Ni confirmé?"

Rolande aliitazama glasi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa tupu, naye hakuwa amekunywa.

"Na kama kuna kitu tulisahau?"

"Bon, munaweza kurekebisha mpaka kesho saa kumi na moja, dix-sept heures pile. Ni kitu gani?"

"Kaburi."

Kabeya alisikika akifunua karatasi. "Alors, tunasogeza tranchée ya mabomba, si shida. Lakini mashine haina macho, madame. Kama haiko kwa karatasi, dereva atapita tu. Munitumie jina ya marehemu, fasi alizikwa, nani anajua na tangu lini. Na sahihi ya famille. Kama muzazi angali muzima, ni yeye atasaini."

Ijumaa Rolande aliaga kazini saa saba mchana, akatembea hadi kwa mama yake na karatasi ndani ya mkoba. Njiani alitamani lifti ikwame, mama asiwepo, chochote. Mama alikuwepo, amewasha redio, akamsukumia kiti.

"Umekonda. Ornella ni muzima?"

"Ni muzima, maman. Zima redio."

Alimwambia yote, kuanzia vichakani hadi kwenye mawe matatu. Hakujificha nyuma ya utoto wake; alisema nilikudanganya, nimekudanganya miaka yote. Maman Sidonie alisikiliza akiwa ameshikilia pindo la kitambaa cha meza. Kisha aliuliza swali moja.

"Alikunywa?"

Rolande angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo na jepesi kama lile la gari jeupe.

"Hapana, maman. Nilifika na mayi, alishakufa. Nililowesha midomo yake tu."

"Toka," mama alisema.

Rolande alisimama. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango aliposikia nyuma yake, "Ngoja. Iko wapi ile karatasi?"

Mama alivaa miwani, akasoma safu baada ya safu kwa kidole. Jina la marehemu. Mahali. Kwenye safu ya nani anajua na tangu lini, kidole kilisimama.

"Depuis quatre-vingt-seize," alisoma, yaani tangu tisini na sita. "Misa vingt-huit, Rolande. Misa ishirini na munane nilimushukuru Mungu juu ya mutu alishakufa. Na weye ulikuwa unakaa pembeni yangu kanisani, unaitika amina."

Rolande alimsukumia kalamu. Mama aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, akairudisha karatasi bila kumtazama. Saa kumi na dakika ishirini Rolande aliituma kwa simu akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo, analia bila kujali wapitao.

Kabeya alisogeza mtaro mita kumi na mbili, kama kifungu kilivyomruhusu. Jumatano alituma picha. Mawe matatu yalikuwepo, yamefunikwa na majani, na kati yake palikuwa na kikombe cha plastiki kilichofukiwa nusu, kimefifia hadi kukaribia weupe, ila ukingo wake ulibaki kijani. Maman Sidonie aliikuza picha kwa vidole viwili. "Gobelet yangu," alisema.

Tangu Jumatatu ile mashine zilipoingia, glasi hazijapungua tena. Rolande huijaza moja asubuhi, huiacha karibu na sinki, na akirudi kutoka kazini huikuta imejaa vile vile, vumbi limeelea juu. Ungedhani atafurahi. Humwaga yale maji, huijaza upya na kusubiri kidogo, kabla ya kwenda kubadili nguo.

Jumapili ya pili mama alikubali kuja kwake, ila Rolande aende kumchukua. Walipanda tramu namba 19 pamoja. Ilikuwa imejaa, na kijana mmoja, Mkongo wa kama miaka thelathini, alisimama kumpisha mzee.

"Asante, papa," alisema maman Sidonie, kama wazee wa kwetu wanavyomwita kijana kwa heshima. Alikaa, akageuza uso dirishani, akatazama nyumba zinavyopita hadi mwisho wa safari. Masikio ya kijana yule hakuyatazama hata mara moja.

Rolande alikuwa amesimama nyuma ya kijana huyo, ameshika mkanda wa juu. Tramu ilipokata kona alijikuta ameinuka juu ya vidole vya miguu, ameinamisha kichwa, analitafuta sikio la kushoto. Lilikuwa zima.