Shadia Asiambiwe

Shangazi Zamda alitoa amri huku maji ya kuoshea maiti bado yakimchuruzika mikononi: Shadia asiambiwe. Mtu hapewi msiba akiwa safarini, tena nchi za watu. Akianguka barabarani, ataokotwa na nani? Shadia alikuwa Japani, mumewe kampeleka kutembea, na hii ndiyo siku yake ya kwanza ya kuzunguka. Mama yao amekata roho alfajiri, hapa Ujiji, mikononi mwa Mwamini.

Mwamini ni mdogo mtu. Ndiye aliyekuwa akimgeuza mama kitandani tangu alipopooza. Dada mtu alikuwa akituma salamu.

Simu ya Mwamini ikalia, ya video.

"Pokea," Shangazi akanong'ona. "Usipopokea atashtuka. Na nyie, futeni machozi!"

Wanawake waliojaa mikekani wakajifuta kwa ncha za khanga. Shadia akatokea, miwani ya jua puani. "He! Mbona nyumba imejaa hivyo?"

"Tumekuja kukutazama wewe, shoga!" akadakia Winfrida wa nyumba ya pili, mdomo wake haujawahi kulala njaa. "Tuonyeshe huko!"

Shadia akageuza simu. Bustani kubwa, hekalu kwa nyuma, na kulungu wanapishana na watu kama mbuzi wa sokoni. Akamnyooshea mmoja biskuti. Mnyama akainamisha kichwa, akainamisha tena.

"Ananiamkia! Mmeona?"

"Mnyama anatoa shikamoo!" Winfrida akajipiga paja. "Na vijana wetu wa mtaa wa Mwanga wanakupita kama nguzo ya umeme!"

Kicheko kikapasuka. Waliokuwa wanalia wakasogea, wakakanyagana miguu. Mmoja akauliza nyama yake ikoje, mwingine akajibu kwa mawese itashuka tu. Nyuma ya pazia, mama alikuwa anavishwa sanda.

"Mpeni mama simu naye aone," Shadia akasema.

Kicheko kikakatika.

"Kalala," akasema Mwamini.

"Basi mwacheni apumzike. Nimemnunulia shali, laini hiyo!"

Nje wanaume wakaanza kukohoa, jeneza limefika. Pazia likafunuliwa, muoshaji akaashiria wanaotaka kuaga waingie, uso bado uko wazi. Hapo Shangazi akautazama ule uso. Akamvuta Mwamini pembeni, simu ikabaki kwa Winfrida.

"Mwanangu, nimekosea. Ipeleke simu kule ndani. Amwone mama yake, uso ukishafunikwa basi tena."

Kutoka pale hadi kwenye pazia ni mkeka mmoja tu. Mwamini akatazama simu. Mkono wa dada yake ulikuwa unapapasa shingo ya kulungu, kucha zimepakwa rangi. Wa kwake bado ulinuka dawa ya vidonda vya mgongo wa mama.

"Si ulisema asiambiwe?" akamjibu shangazi yake. Kisha akaichukua simu, akapaza sauti, tamu kama asali: "Dada, tupeleke na kwenye hekalu basi, tuone ndani!"

Shadia akatembea, akavua viatu mlangoni. "Oneni, wanavua kama msikitini!" Uso wa mama ukafunikwa. Jeneza likainuliwa, na sauti za wanaume zikajaa uani: La ilaha illallah.

"Kuna msiba hapo?"

"Wa jirani."

"Jamani, poleni. Mama akiamka mwambieni nampa pole."

"Nitamwambia," akasema Mwamini, akaishika simu kwa mikono miwili ili picha isitikisike.