Bega la Ngui

Mchoro ulipofunuliwa, Kanyiva aliyatafuta macho ya mumewe asiyaone. Kwenye turubai nyeupe palikuwa na mstari mmoja ulioteremka kutoka paji la uso hadi kidevuni, mwingine ulioinama kama mgongo wa kilima ukawa bega, na doa la buluu mahali pa shati. Basi. Kwingine kote kulikuwa kweupe, kama asubuhi ya ukungu katika mtaa wao wa Tena, Nairobi, kabla maghorofa hayajajitokeza.

"Hujamaliza," alisema.

"Nimemaliza," Warigia alijibu taratibu. "Macho niliyachora nikayafuta. Kila nilipoyachora, alikuja mtu mwingine."

Kanyiva aliubeba mchoro akaondoka bila kuaga vizuri. Hakuwa ameomba pambo la sebuleni. Ngui hakupenda kupigwa picha; alipofariki, iliyopatikana ni ile ya kitambulisho tu, ikakuzwa kwa ajili ya mazishi: uso uliokakamaa, wa mtu aliyeitwa ghafla. Tangu hapo uso huo ulimfuata mjane hadi ndotoni. Ngui alimjia usingizini kwa mwendo wake mwenyewe, akiuburuta kidogo mguu wa kushoto, lakini alipogeuka alikuwa amevaa ule uso wa kitambulisho. Kifo kilikuwa kimemchukua mara ya kwanza, na sasa picha ilikuwa ikimchukua mara ya pili. Ndiyo maana Kanyiva alimwendea Warigia, mchoraji wa ghorofa ya juu, akamsimulia Ngui mchana kutwa: alivyochekea puani, alivyokaa dirishani akitoka kazini, asiseme neno mpaka chai ipoe.

Aliutundika mchoro kwa kuwa ukuta mtupu ulimwonea zaidi.

Jumapili iliyofuata, mama mkwe wake, Ndete, alibisha hodi. Alikuwa amekuja harusini mtaa wa Umoja kutoka kwao mashambani, Mwingi. Alisema mvua ndiyo iliyomleta. Hakuwa ameikanyaga nyumba hiyo tangu mazishi. Ngui aliagiza azikwe Nairobi, akaagiza akiwa kitandani hospitalini, na aliyesikia ni mkewe peke yake. Ndete hakuamini. Maneno makali yalisemwa kando ya kaburi, na maneno hayana mkia wa kuyavutia nyuma.

Kanyiva alitenga chai. Alijua atakaloambiwa: kwamba alimnyima mama kaburi la mwanawe, na sasa anamnyima hata uso wake.

Ndete alisimama mbele ya mchoro muda mrefu. Aliinua kidole akaufuata mstari wa bega hewani, bila kuugusa.

"Hapa alikuwa mtoto bado," alisema.

Kanyiva alitaka kumsahihisha, kwamba huyo ni mtu mzima aliyekaa kwenye dirisha hili hili. Akauzuia ulimi, akatazama upya. Weupe ule haukuwa utupu. Ulikuwa na nafasi ya mtoto, na ya mwanamume pia. Na humo, kama samaki anayepita chini ya maji, akaona macho yaliyoinamia mvuke wa chai. Yalikuwa macho ya Ngui mwenyewe. Alipopepesa, hayakuwapo tena; lakini aliyajua.

"Bega hili lililegea alipoangushwa na punda," Ndete aliendelea. "Hakulia. Alikaa hivi hivi, akitazama kando, ili nisijue ameumia."

"Hata mimi hakuniambia anaumwa," Kanyiva alisema, "mpaka walipomlaza."

Ndete hakugeuka.

"Ulisema alikuomba azikwe huku."

"Aliniomba, mama. Alisema Mwingi ni mbali, na mimi nitaogopa kwenda kaburini peke yangu."

Mkongwe aliutazama ukuta kana kwamba anamsubiri mwenye bega ajibu mwenyewe. Kisha mabega yake yeye yakashuka, polepole, kama mzigo unaotuliwa na mtu asiyetaka ulie ukigusa sakafu. Alikaa kwenye kiti cha dirishani bila kuambiwa.

"Alikuwa na huruma ya kuudhi, mwanangu," alisema.

Tangu mazishi hakuwa amemwita mkamwana wake hivyo. Kanyiva alikaa sakafuni karibu na miguu yake, kikombe mkononi.

"Huyo punda alikuwa wa nani?"

Ndete alifumba macho, akatabasamu kidogo, akaanza kusimulia kutoka mbali, tangu kabla Ngui hajazaliwa.